Joto la Chumba cha Nani?

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya likizo, saa nane na robo mchana, mamdogo alipoingia kwetu Mchafukoge bila kupiga hodi, chupa kaikumbatia ndani ya kanga kama mtoto mchanga aliyelala.

"Usipige kelele," akaniambia.

Mimi! Mimi ambaye darasani nikiulizwa swali wenzangu wananijibia, "Mwalimu, huyo hana sauti."

Mamdogo ni mdogo wake mama. Anafanya kazi hotelini hapa mjini, zamu ya chai ya asubuhi, na mayai ya kukaanga yamemchosha mpaka nyumbani hataki kuyaona. Kesho yake, Jumapili, yeye na wenzake wawili walikuwa na mtihani. Kila mmoja aeleze mvinyo mbele ya meneja kama anavyomweleza mgeni mezani, na atakayeeleza vizuri anahamia mgahawa wa jioni, kule ghorofa ya juu kwenye vitambaa vyeupe. Mamdogo alikuwa anautamani mgahawa ule tangu siku ya kwanza alipovaa sare. Mvinyo wenyewe ni mwekundu, umetoka nchi ya baridi, zabibu zake zinaitwa pinot noir. Yeye anatamka "pino nwaa", huku kabana pua kidogo kama mwenye mafua. Kila mmoja alipewa chupa iliyobaki nusu akafanyie mazoezi.

Kwake ni Magomeni, amepanga chumba kwenye nyumba ya bibi aliyekwisha kuhiji, na pombe haivuki kizingiti kile. Hakuna aliyemkataza. Ni adabu tu. Ndiyo maana akaja kwetu. Mama alikuwa kwenye kikao cha harusi ya binamu, lakini alishapigiwa simu na hukumu alishaitoa: "Anuse. Asionje hata tone. Pua nimemruhusu, mdomo bado ni wangu."

Pua yangu ndiyo iliyohitajika. Kwetu wote wanajua maziwa yakitaka kuharibika mimi nayajua kabla yenyewe hayajajijua. Ni kipaji cha ajabu, hakina mtihani wa taifa.

Nyuma ya chupa walikuwa wameandika kwamba mvinyo ule unanukia cheri, stroberi, rasberi, na majani yaliyolowa msituni. Mamdogo ameyakariri yote. Tatizo ni kwamba meneja alishawaonya: "Msinisomee chupa. Niambieni mnachonusa nyie."

"Cheri unaijua?" akaniuliza.

"Ile ya juu ya keki."

"Ile ni sukari imepakwa rangi. Rasberi?"

"Juisi ya unga."

Akajishika kichwa. "Mwanangu, tumekwisha."

Hotelini wamefundishwa kwamba mvinyo mweupe unatoka kwenye friji na mwekundu unatolewa kwa joto la chumbani. Basi mamdogo akaiweka chupa mezani karibu na dirisha, "ipate chumba", halafu akanishika mkono tukaenda Kariakoo kutafuta vitu vyekundu vya kunusa.

Sijawahi kuona aibu kama siku ile, na mimi aibu ni fani yangu. Mamdogo anainama kwenye kila gunia, anavuta pumzi, ananisukuma na mimi nivute. Tulinusa karafuu, mdalasini, zambarau zilizopangwa mafungu mafungu kwenye sinia, mabibo yaliyoanza kuchacha. Kwenye choya kavu, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi, nilitumbukiza pua nikapiga chafya, vumbi jekundu likaruka.

"Dada, mnanunua au mnanusa?" muuzaji akauliza.

"Tunasoma," mamdogo akajibu.

"Basi ada ni nusu kilo!"

Watu wakacheka. Tukanunua hiyo nusu kilo ya choya, na fungu moja la zambarau, tukarudi.

Mamdogo akamimina mvinyo kwenye glasi ya kioo ya mama, ile ya wageni. Rangi yake ilinishangaza. Nilitegemea kitu kizito kama damu, kumbe ni mwepesi, unaona vidole upande wa pili, kama choya iliyochujwa mara ya kwanza. Nikanusa.

Spiriti. Ile anayokupaka nesi kabla ya sindano.

"Vipi?" mamdogo akauliza.

Nikaogopa kumvunja moyo. "Nusa na wewe."

Akanusa, akaonja, akakunja uso. "Unachoma tu. Sasa wazungu wanasifia nini hapa?" Akanusa tena, akatia glasi karibu na zambarau, akalinganisha na choya. Hakuna kitu. Akakaa chini. "Wenzangu kesho wataongea mashairi, mimi nitasema sindano. Nitakufa na mayai."

Alisema kwa utani lakini macho yake hayakuwa ya utani. Nikaishika chupa nikitaka kuirudisha dirishani, na hapo ndipo nikashtuka. Ilikuwa na uvuguvugu kama kikombe cha chai iliyosahaulika. Ilishasafiri juani kutoka Magomeni, ikakaa dirishani kwetu mchana wa Desemba, feni inazungusha joto lile lile.

Swali likanijia. Nina tabia moja: nikiwa na swali zuri nalipeleka bafuni, nalijibu mwenyewe, nalizika. Safari hii nilimwona mamdogo anaanza kuikunja kanga yake aondoke.

"Mamdogo," nikasema. "Joto la chumba cha nani?"

"Unasemaje?"

"Hao waliosema joto la chumbani. Chumba chao kikoje?"

Akanitazama. Mimi tena sikuweza kunyamaza. Nikamwambia kama zabibu zenyewe zimelelewa kwenye baridi, na watu wa huko wanalala na masweta, basi chumba chao ni kama friji letu likiwa zima. Chumba chetu sisi wao wangekiita oveni.

Mamdogo akafunika mdomo. "We mtoto! Na hotelini tunautoa hivyo hivyo, barazani, saa saba mchana!"

Sasa friji letu. Gesi imeisha, maji ukiyaweka asubuhi, jioni yanakuwa na wazo tu la ubaridi. Barafu iko ghorofa ya chini, kwa mama mwenye duka la viungo. Ni Mhindu, ana picha ya mungu wake juu ya kaunta imevalishwa maua ya njano, na udi unafuka siku nzima. Ananipenda, lakini kila siku ananitania kwamba shikamoo yangu inafia ngazini.

"Nenda wewe," mamdogo akasema. "Swali lako, barafu yako."

Nikashuka. "Shikamoo mama."

"Nasikia mbu," akasema, akipimia mteja binzari.

"Shikamoo mama. Naomba barafu."

"Marahaba. Barafu ya nini, kuna mtu kaumia?"

"Ya mvinyo."

"Ya nini?"

"YA MVINYO!"

Duka zima likageuka. Mteja wa binzari akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Kumbe sauti unayo!" mama wa duka akacheka mpaka miwani ikashuka. "Wewe unakunywa?"

"Hapana mama, nanusa. Mamdogo ana mtihani."

"Mimi sinywi, mume wangu hanywi. Lakini barafu haina dini." Akanijazia bakuli la stili mpaka juu.

Tukaizika chupa kwenye barafu, na kwa haraka zetu tukaizidisha. Tulipomimina tena hakukuwa na spiriti, hakukuwa na kitu chochote. Ulinuka kama kijiko.

"Sasa tumeuua," mamdogo akasema.

Tukauacha kwenye glasi tukaanza kula zambarau kwa hasira, midomo ikawa ya zambarau kweli. Nilipoinusa tena ile glasi kwa mazoea tu, kilikuwepo kitu. Kidogo, kwa mbali. Nikafumba macho.

"Choya," nikasema.

Akaninyang'anya. "Choya! Isiyotiwa sukari!"

Tukawa tunapokezana glasi kama wanaopokezana simu. Kadiri ulivyopoteza ubaridi, ndivyo harufu zilivyotoka, moja ikiipisha nyingine mlangoni. Zambarau zilikuja. Karafuu ikapita, moja tu, si mfuko. Halafu ikaja nyingine ambayo ilinitaabisha, naijua lakini siipati, mpaka nikajiona navuka uwanja wa Mnazi Mmoja, matone ya kwanza ya mvua yanapiga vumbi na watu wanaanza kukimbia.

"Udongo," nikasema. "Mvua ikianza."

Mamdogo akanusa kwa muda mrefu. "Ndiyo majani yao ya msituni hayo," akasema taratibu. "Wao wana msitu, sisi tuna Mnazi Mmoja." Kisha akaonja, maana mdomo wake ni wa kwake. "Mwepesi. Unachachua pembeni mwa ulimi, halafu unaukausha kidogo tu, kama bibo lililoiva. Mvinyo wa Dodoma, ule mtamu, umelelewa na jua, unakuja unapiga kelele. Huu ni kama wewe. Unaongea ukitulizwa."

Nikala zambarau nyingine.

Mama aliporudi kutoka kikaoni alininusa mdomo kwanza, kisha ndipo akasalimia.

Jumapili asubuhi nililiosha bakuli la stili. Chombo cha jirani hakirudi kitupu, basi nikalijaza choya ile tuliyolipia ada. Nilikuwa mlangoni simu ya mama ilipolia, ujumbe wa sauti kutoka kwa mamdogo, anahema kama kakimbia. Chupa za mtihani zilikuwa zimepangwa mezani barazani, kwenye joto, makusudi au kwa kusahau hajui. Wenzake wakaanza kuieleza cheri. Zamu yake ilipofika akasema, "Meneja, kabla sijaongea naomba barafu." Akaipoza, akasubiri, watu wanamtazama, akasema choya, zambarau, mvua ikianza. Meneja alinusa mara tatu. Mwishoni mwa ujumbe akapiga kigelegele kilichofanya spika ya simu ikwaruze: "Mwambie mwanangu Ijumaa naanza juu! Mayai kwaheri!"

Mama akacheza peke yake jikoni. Mimi nikashuka ngazi na bakuli langu. Mama wa duka alikuwa anafungua mlango wa chuma, mgongo kanipa. Nikajaza kifua.

"SHIKAMOO MAMA! MAMDOGO KAFAULU!"

"Marahaba!" akaitikia, na muuza magazeti wa ng'ambo ya barabara, ambaye hatumjui, naye akaitikia.