Jina Alilolitaja Hekaluni

Jumapili ya tano mfululizo, Léonard alibaki nyuma ya kanisa wenzake walipokwenda kukomunika. Katika mtaa wetu wa Sité Albert jambo kama hilo halipiti bila kuonekana. Alikuwa amerudi mzima kutoka vita vya Burma, ana nishani na kazi ya uuguzi, na bado padri amemnyima komunyo. Walipotoka, jirani yake Virginie alimchokoza: "Léonard, uko unalinda mulango, ao ulishakuwa Muprotestanti?" Wanawake wakacheka. Léonard naye akacheka kidogo.

Constance hakucheka. Mwanawe Désiré alikuwa muuguzi mwenzake Léonard, akafia India, katika kambi ya vita hivyo hivyo, kwa kuhara damu. Yeye aliletewa barua ya mistari mitatu tu, wala hakuna kaburi la kwenda kupalilia. Alimfuata Léonard hadi nyumbani, akakaa bila kukaribishwa.

"Bantu banasema padri anakukatalia juu ya mutoto wangu. Banasema kuko kitu ulimufanyia kule."

Padri alikuwa amemwonya asilieneze kosa alilomwadhibia. Lakini Léonard aliona kwamba akinyamaza, mama huyu atamchukulia kuwa muuaji.

"Sikumufanyia mubaya, Mama. Nilienda kumuombea."

"Padri hawezi kukataza kuomba."

"Nilimuombea mu hekalu ya Bahindi."

Akamsimulia. Ilikuwa siku ya mapumziko, na lori liliwapeleka askari kutazama hekalu kubwa, kama wageni wengine walivyokuwa wakitazama. Mnara wake wa mawe ulichongwa watu na wanyama kutoka chini hadi juu kabisa. Wazungu walipiga picha. Mahujaji waliotembea siku nyingi waliingia pekupeku, na Léonard naye akavua viatu, akaingia kushangaa tu. Lakini asubuhi ile alikuwa amemwacha Désiré hamtambui mtu, na kambini hapakuwa na padri wiki nzima. Mle gizani, katika harufu ya mafuta na maua, aliwaona wanawake wakilia kama wanavyolia mama zetu mlangoni mwa hospitali. Wenzake walirudi kwenye lori. Yeye akajiunga na foleni.

Mzee wa hekalu alimpaka unga mwekundu kwenye paji la uso, akamtilia kipande cha nazi kiganjani. Léonard akakila. Dereva wao, Mhindi mzaliwa wa Mombasa aliyekuja kumwita, alimtafsiria: mzee anataka jina la mgonjwa, alitaje mbele ya mungu wake.

Constance alisikiliza, mikono magotini. Si unga wala nazi vilivyomshtua.

"Ulitaja jina gani?"

"Désiré."

"Ile tu?"

"Ndiyo ile nilijua, Mama."

Léonard alilelewa misheni tangu utoto. Hakufundishwa kwamba kwa Waluba wa kaskazini, watu wa Constance, mtoto huja na jina lake la tumboni, jina la mkubwa wa ukoo aliyekufa na kurudi ndani yake, na kwamba la ubatizo huongezwa juu yake kwa ajili ya shule na serikali. Mgonjwa huombewa kwa lile la tumboni.

"Ile iko jina ya karatasi," alisema Constance. Hakuwa na hasira, na hilo lilimwumiza Léonard zaidi. "Kule mbali, nani angemujua na ile?"

"Niambie ya mu tumbo, Mama. Nitamuombeshea misa."

"Na we mwenyewe padri hakutaki?" Akasimama, akajifunga kitambaa vizuri. "Aliisha kwenda. Itamusaidia nini sasa? Nitabaambia haukumuua. Ile naweza."

Alitimiza neno lake. Jumapili iliyofuata Virginie alimsalimu bila mzaha, akamwulizia hata afya yake.

Mwezi mmoja baadaye padri alimwondolea adhabu. Léonard alipokea komunyo, akarudi mahali pake, akapiga magoti. Akaanza kumwombea rafiki yake, na alipofika penye jina, akanyamaza.