Wembe Niliomfutia Baba Mkwe

Mwanangu, mimi hapa hakuna kitu cha duniani kinachoweza kunishangaza. Nilianza na mzinga mmoja wa nyuki, wa kuokota, leo ninayo mia mbili, na shule niliishia darasa la pili kwa hiari yangu. Ila ipo asubuhi moja naikumbuka, miaka ile tulipohamia kijiji cha ujamaa upande wa Ipole, iliyonifunga mdomo.

Desturi yetu warina asali, kabla ya kuingia porini mnachanjwa chale mikononi na kupakwa dawa, ili nyuki wasiwe wakali. Safari hiyo mzee mchanjaji hakuwa na wembe. Nikatoa wangu, mpya kabisa, nikataka niwe wa kwanza; nani mwingine angeanza? Wa pili alikuwa Mzee Mhoja, baba wa Kabula, binti niliyekuwa nimemchumbia. Wembe nikaufuta kwa shati langu mwenyewe, kwa heshima, ndipo akachanjwa. Wakafuata wenzetu watatu.

Nyuki walituuma vilevile.

Ilipita miezi miwili na kitu. Mzee Mhoja akaanza kuchoka, akachukia chakula, mkojo ukawa kama chai ya rangi na macho manjano kama nta. Wawili wengine wakawa hivyohivyo. Mimi nilikuwa nakula ugali wa watu wawili, natembea kijijini nikitangaza, "Ugonjwa una macho! Kwangu hausogei!"

Ndiyo asubuhi hiyo mganga wa zahanati akatuita sote.

"Mlichanjwa pamoja?"

"Pamoja."

"Wembe mmoja?"

"Mmoja tu," nikadakia kwa fahari. "Tena wangu. Nilianza mimi!"

Akaweka kalamu chini. "Ugonjwa huu wa ini unakaa kwenye damu. Mtu anaweza kuwa nao miaka, haumwi hata kichwa, mzima kama dume la ng'ombe. Wembe ndio unaompelekea mwenzake."

Halafu macho yote, meupe na ya manjano, yakaligeukia dume la ng'ombe.

Mzee Mhoja akajikokota kutoka kwenye benchi. "Wewe! Binti yangu sijakupa, wewe umeshanipa ini lako?"

"Baba, shikamoo..."

"Marahaba ya nini! Uchumba umekwisha!"

Mwanangu, sijapata kumwombea mtu afya kama nilivyomwombea mzee yule. Akifa, Kabula ndiyo nimemkosa. Nilimchotea maji, nikamlimia shamba, nikampelekea uji, akawa anaunywa huku amenipa mgongo. Kabula alikuwa anacheka nyuma ya mlango. Nikajua bado nina nafasi.

Siku macho ya mzee yalipotakata akaniita. "Binti utampata. Lakini siku nilizolala utanilipa, juu ya mahari."

Basi nakuusia. Wembe ni wako peke yako, hata kama anayeuomba ni baba mkwe. Sindano iwe safi, na ukichanjwa uchanjwe kwa wembe ambao haujamgusa mwingine. Wala usijione mzima ukadhani damu yako ni safi. Wape waganga wa hospitali waiangalie. Na ukiona macho ya manjano, usitafute mchawi, nenda zahanati. Mungu akulindie ini lako, akupe mke anayecheka na wakwe wenye huruma kuliko wangu. Mzee alihesabu siku ishirini na tatu kitandani, kila siku shilingi tano, hakupunguza hata senti: shilingi mia moja na kumi na tano.