Vidole Kwenye Tawi la Mbaazi

Kiangazi kile nilipiga picha za nyuki na ndege mpaka simu ikagoma, ikasema imejaa. Nilikuwa nimerudi nyumbani Msamala kumuuguza mama. Asubuhi nikishamwogesha na kumnywesha uji, namtoa nje, namkalisha mkekani karibu na mbaazi alizozipanda mwenyewe pembeni ya ukuta. Zilikuwa zimechanua njano, nyuki na vipepeo wamejaa. Kwenye ua la mgomba alikuja ndege mmoja mdogo wa kijani, mdomo umepinda, hatulii hata kidogo. Huyo alinitesa kweli.

Shingo ya mama ilikuwa haigeuki vizuri, kwa hiyo nilipiga, kisha nikamwonyesha.

"Hiki nini?"

"Ndege, mama."

"Ndege gani? Umepiga jani wewe. Na simu yote hiyo kubwa!"

Tukacheka. Mimi nilicheka mdomoni tu. Majirani walisema nina moyo mgumu, wala sio hivyo. Nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Nilipika, nilifua, nilipiga picha.

Upepo wa kiangazi huku kwetu hauna adabu. Tawi likitikisika, picha inatoka ukungu mtupu. Basi mama akawa ananyoosha mkono kutoka pale mkekani, analishika tawi kwa vidole viwili. "Piga haraka," anasema, "mkono unachoka."

Siku moja akaniambia, "Na mimi nipige."

"Ukipona, mama. Mgonjwa hapigwi picha."

Kwetu ndivyo ilivyo. Ukimpiga picha mtu akiwa kitandani, watasema umeshaanza kuandaa msiba wake. Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha, tena kwa kunifinya, nilipotaka kumpiga bibi picha. Sasa akaniangalia kidogo, akasema, "Haya." Akalishika tena tawi.

Hakupona.

Msibani, mama mdogo aliyetoka Peramiho akauliza mbele za watu picha ya marehemu iko wapi, maana lazima mjukuu atangulie jeneza ameishika. "Si wewe unayeshinda na simu?" Nikampa simu. Akapitisha kidole: nyuki, nyuki, kipepeo, mgomba, nyuki.

"Jamani! Miezi yote hii, mama yako hata moja?"

Ikakuzwa picha ya kitambulisho cha kupigia kura, mama amekodoa macho kama mtu aliyekamatwa. Ndiyo iliyotangulia mpaka makaburini. Watu walilia. Mimi niliporudi nyumbani niligawa sahani, nikahakikisha kila mtu amepata maharage.

Arobaini ilipokaribia nikakaa kufuta picha, simu ipate nafasi. Nilifuta bila kuangalia sana. Majani yakaenda, mabawa yenye ukungu yakaenda. Halafu nikafika kwenye moja, kidole kikasimama. Nyuki yuko kwenye ua la mbaazi, na pembeni vidole viwili vya mama vimelishika tawi. Kucha ya gumba imepasuka palepale, pale jembe lilipompiga mimi nikiwa bado mdogo. Hiyo kucha ningeitambua popote.

Nikaenda nayo studio mjini ili isafishwe kubwa, iwekwe kwenye fremu. Mwenye studio, mzee mmoja mpole, alipokea shikamoo yangu, akaivuta picha kwenye kompyuta, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Binti, huyu nyuki umempata sawasawa. Mpaka vinyweleo vinaonekana! Ila hivi vidole vinaharibu. Nivifute?"

Nikasikia uso umelowa, mara ya kwanza tangu tumzike, nikajishika kwenye kaunta yake.

"Hapana, baba," nikamwambia. "Mfute nyuki."