Siku Tano za Baiskeli Hadi Ziwa Kitangiri

Siku hizo likizo ya mwalimu ilikuwa na maana moja tu: jembe. Shule ikifungwa unarudi kwenu, unavua viatu, unaingia kwenye shamba la uwele pamoja na wengine, na hakuna anayekuuliza kama umechoka. Kwa hiyo mwaka ule, wakati Mwingereza bado anatawala na vita vikubwa vimekwisha miaka michache tu, mimi na mwalimu mwenzangu tuliposema tunakwenda kutembea kwa baiskeli hadi Ziwa Kitangiri na kurudi, pale Ilongero walituona tumepungukiwa.

"Kuna msiba huko?" aliuliza mama yangu.

"Hakuna, mama."

"Mgonjwa?"

"Hakuna."

"Sasa mnafuata nini?"

"Tunakwenda kuona tu."

"Kuona nini?"

Nilijifanya natafuta pampu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na baiskeli mpya na nilitaka ionekane. Nilikuwa nimeinunua kwa Mhindi mjini Singida, nyeusi tii, ina dinamo na kengele ya kusikika ng'ambo ya pili, na siku ileile nilipiga nayo picha, mkono mmoja kwenye usukani, kofia ya jua kichwani, nimekunja uso kama bwana shamba. Nakala moja ya picha hiyo ilikwenda Iramba, kwa mchumba wangu.

Mchumba wangu alikuwa amesoma shule ya wasichana ya misheni, na mjomba wangu ndiye aliyekuwa mshenga. Ng'ombe walikwisha kupelekwa. Kilichobaki ni neno la mwisho kutoka kwao, ambalo mjomba angelifuata mavuno yakiisha. Kabla neno hilo halijatoka, posa ingeweza kuvunjika kwa kosa moja la adabu, na nilikuwa nampenda yule binti kiasi cha kukosa usingizi. Adabu kubwa kuliko zote, kwetu Wanyaturu na kwao Wanyiramba, ilikuwa ya mama mkwe. Huli mbele yake. Humtazami usoni. Ukimwona anakuja njiani, wewe ndiye unayetoka: unaingia porini mapema, unampa mgongo mpaka apite. Mimi sikuwahi kumwona hata mara moja. Ningemwona wapi?

Ndiyo maana nilipanga safari izunguke kijiji chao. Barabara ingetupitisha karibu kabisa na nyumba yao, kwa hiyo niliamua tukifika Kiomboi tushike njia ya miguu inayofuata ukingo wa mteremko, mbali na watu. Mwenzangu alilalamika. Alikuwa mtu mnene, mpole, anayependa kula, na alikuja kwa sababu ya samaki wa ziwani tu.

"Tuongeze nusu siku nzima kwa kumkwepa mama ambaye pengine hata hatoki nje?"

"Basi baki," nilimwambia. Mimi hasira zangu ziko karibu, nalijua hilo. Hakubaki.

Siku ya kwanza tulilala Iguguno, ya pili Kiomboi. Nisiseme uongo, sehemu kubwa ya safari hatukuendesha, tulisukuma. Mchanga ulikuwa unameza magurudumu, na miiba ya njia ile haina huruma na mipira. Kila tulipokaa kuziba pancha alitokea mzee au bibi mmoja kutoka sijui wapi, na baada ya shikamoo na marahaba swali lilikuwa lilelile: wewe wa kwa nani? Baba yako ni nani, babu yako alitoka wapi, ukoo wenu unaitwaje. Huwezi kupewa hata maji kabla hujajieleza. Mwenzangu alifurahia mazungumzo hayo. Mimi yalinichosha, nikawa najibu huku nimeinamia pampu.

Tulipokuwa Kiomboi breki yangu ya nyuma ilikwisha kulegea kwa mchanga, na mpira wa ile ya mbele ukaisha. Nilikata kipande cha katambuga kuukuu ya mpira wa gari, nikakikaza pale kwa waya. Mwenzangu alikitazama, akasema kwamba mahali pa kiatu ni mguuni. Nilimwambia aangalie baiskeli yake.

Asubuhi ya siku ya tatu tulifika ukingoni, na hapo nikashuka. Nchi inakatika ghafla. Chini kabisa mbuga ya Wembere imelala, pana, ya rangi ya ngozi ya simba, na upande mmoja ziwa linang'aa mpaka unafumba jicho. Nilisikia furaha ya kitoto. Nikaona, kama nilivyomwambia mama. Kisha nikapanda baiskeli, mwenzangu akapiga kelele kwamba tuteremke kwa miguu, nami nikajifanya sikusikia.

Katambuga ilidumu kona mbili. Kwenye ya tatu niliibana breki nikasikia kitu kimechomoka, na kuanzia hapo baiskeli ilifuata akili yake. Njia ilikuwa nyembamba, jabali upande huu, korongo upande ule. Mbele yangu mwanamke mtu mzima alikuwa anapanda polepole, ungo wa mtama kichwani. Nilipiga kengele kwa nguvu zangu zote, nikapaza sauti kama namfokea mwanafunzi:

"Pisha, mama! Pisha!"

Akapisha. Aliruka pembeni, ungo ukaanguka, mtama ukamwagika njia nzima, nami nikapita juu ya mtama huo na kuishia kwenye kichaka cha miiba, baiskeli shingoni.

Nilitegemea matusi, na ningestahili. Alinijia pale nilipolala, akanitazama usoni kitambo kirefu kidogo, akageuka kuangalia juu na chini ya njia, kisha akapiga magoti. Alinichomoa miiba mmoja mmoja. Goti lilikuwa limepasuka. Aliliosha kwa maji ya kibuyu chake, mkono wake wa kushoto ukiwa na kovu la moto, akachana pindo la kaniki yake, akalifunga akiwa amekaza meno kana kwamba lilikuwa linamuuma yeye.

"Shikamoo mama," nilisema, nimechelewa mno.

"Marahaba. Nyie walimu, mnawafundisha watoto kusoma. Nani atawafundisha nyie kutembea?"

Nilicheka. Nikamwomba radhi kwa mtama, akasema kuku wa Mungu nao wale. Alinipa kiazi kilichochemshwa, nikakila mbele yake, nimekaa nimenyoosha miguu kama niko kwetu. Aliniuliza kama kichwa kinaniuma, kama naona vizuri, kama naweza kusimama. Hakuniuliza kitu kingine. Mwenzangu alipofika, anahema, yule mama alikwisha kuzoa alichoweza kuzoa, akaweka ungo kichwani na kuendelea kupanda bila kugeuka.

Adhuhuri tulifika ziwani, kwa mwalimu mmoja aliyesoma pamoja na mwenzangu. Alitaka kujua goti limepatwa na nini. Nilimsimulia, tena kwa madoido, nikamwigiza yule mama mpaka sauti. Nilipotaja lile kovu la moto kwenye mkono wa kushoto, mwenyeji wetu aliacha kucheka.

"Huyo namjua," alisema. "Alikuja kumzika dada yake hapa jirani, leo anarudi kwake. Binti yake amesoma misheni, ameposwa na mwalimu wa huko kwenu Singida."

Akataja kijiji. Kilikuwa kile tulichozunguka nusu siku ili nisikikanyage.

Samaki waliletwa. Mwenzangu alikula wake na wangu. Watu wananiuliza mpaka leo Kitangiri pakoje, nami nawajibu pazuri, lakini kusema kweli niliyaangalia yale maji bila kuyaona. Nilikuwa nimemfukuza mama mkwe njiani kwa kengele. Nimemwaga chakula chake siku aliyotoka msibani, nimemtazama usoni, nimekula mbele yake, na ameshika goti langu kwa mikono yake. Hata mtu akikaa chini kutunga namna ya kuharibu posa asingeyapata yote hayo kwa asubuhi moja. Siku mbili za kurudi, kwa njia kuu sasa kwa kuwa sikuona tena cha kukwepa, nilisukuma baiskeli hata palipokuwa na mteremko mzuri. Mwenzangu alijaribu kunifurahisha, akaona ananiudhi, akaacha.

Nyumbani nilishika jembe bila kuambiwa. Mama akaona hilo. Mavuno yalipoisha nilimweleza mjomba kila kitu, maana nisingeweza kumwacha aende kichwa kichwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mjomba, umeniua," akachukua fimbo yake akaenda.

Alirudi baada ya siku nane, mchana, mimi niko uani napura uwele. Aliomba maji. Akanywa taratibu, akavua viatu, akavikung'uta vumbi kimoja kisha kingine, na mimi nimesimama na mti wangu mkononi.

"Wamekubali," alisema.

Niliuliza kama mama wa binti alikuwepo.

"Alikuwepo, ndani, nyuma ya ukuta. Nilianza kuomba radhi kwa ajili yako akanikatiza. Alisema alikujua palepale, kwa ile picha yako ya kukunja uso. Ndiyo maana hakukuuliza wewe wa kwa nani. Angeuliza ungejibu, na ukishajibu ingembidi akuache kwenye miiba."

Nilikaa chini juu ya makapi. Nilicheka, halafu machozi yakanitoka mbele ya mjomba na mama yangu, na sikuona haya. Mzigo wa wiki zile zote ulinitoka mwilini kwa mara moja hata nikasikia njaa.

Tulioana kabla ya mvua. Mama yule aliishi miaka mingi baada ya hapo, na adabu tuliishika wote wawili barabara. Nikimwona kwa mbali naingia porini na kumpa mgongo; naye akipita ananisalimu bila kusimama, nami naitikia nikitazama miti. Wajukuu walimzoea, mke wangu alikuwa akienda kukaa naye mwezi mzima. Siku tulipomzika, wanawe walikuwa wakieleza namna alivyofanana na huyu au yule, wakabishana, na mimi mkwe niliyekaa mbali kabisa niliukumbuka uso wake vizuri, wa karibu, umeinama, unatafuta mwiba wa mwisho.