Mama mkwe na taa ya betri

Leo mama mkwe wangu amesukuma gari langu hapa Nyakato, mchana kweupe.

Tulikuwa tunampeleka Magu kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Hiace yangu ya zamani, ile niliyoiwekea kitanda na jiko, niliizima tununue maji. Ikagoma kuwaka.

Betri ni mpya. Mkanda wa alteneta, ile inayochaji betri, nimeukaza juzi.

Nilipofungua swichi, taa ya oili iliwaka kwa mbali. Ya betri haikuwaka kabisa.

Na mimi siku zote nilifurahi kwamba haiwaki! Kumbe balbu imeungua, na kwenye magari haya ya zamani umeme wa kuamsha alteneta hupitia kwenye balbu hiyo; ikiungua, betri haichajiwi.

Mke wangu akashuka kusukuma. Mama naye akashuka. (Kwetu mama mkwe unampisha hata mlangoni.)

"Mama, tafadhali, wewe kaa tu."

"Baba Neema, mimi ni Msukuma. Unadhani jina nimepewa bure?"

Injini ikaitika.

Duka la vipuri lilikuwa mbele kidogo. Nikazima, nikabadilisha balbu, nikafungua swichi. Taa ikawaka, nyekundu kabisa.

Mama akaiona, akashika kitasa cha mlango.

"Baba Neema, nishuke tena?"

Betri ilikuwa bado tupu, na injini nilikuwa nimeizima mwenyewe.

Wenye wakwe, mngejibuje?