Shore wa Mlimau Wetu

Kila alfajiri, hata adhana haijatolewa, shore alianza kulia juu ya mlimau wetu wa mlangoni hapo Kasongo, nami niliruka kitandani kama niliyeitwa. Ndege mwenyewe hana makuu: kichwa cheusi chenye kishungi kidogo, mgongo wa kahawia, na chini ya mkia umanjano usiouona mpaka arukie papai lililoiva. Hatulii. Anadonoa, anagombana na mwenzake, anaondoka, anarudi. Mwaka ule nilifanana naye, maana baba alikuwa amekwenda Ujiji na msafara wa pembe za ndovu, na msimu aliotuahidi kurudi ulikuwa umepita.

Kwetu, shore akilia karibu na mlango, basi mgeni yuko njiani. Mama aliongeza konzi moja ya mchele chunguni, nami nikakimbilia njia ya Kabambare kusikiliza bunduki, kwa kuwa msafara ukikaribia mji ulipiga baruti. Sikusikia kitu. Usiku wali ule ulifunikwa, na asubuhi nilikula kiporo cha baba huku nimenuna.

Mchana mmoja shore walijaa kwenye mlimau wakipiga kelele nisizowahi kuzisikia. Mama alitandika mkeka mpya, akajifunga nguo ya sikukuu, akapika chungu kizima. Mimi nilishindwa kukaa. Nilikwenda chini ya mti nikatazama juu: nyoka wa kijani alikuwa amejiviringisha kando ya kiota. Kumbe wimbo wa alfajiri ni mwingine, na sauti ile kali ya kukatakata ni ya kumfukuza adui. Nilirudi mbio.

"Mama, haiko mugeni! Iko nyoka!"

Hakugeuka. "Ile ndege inalia sababu ya nyoka, sababu ya paka, sababu ya mwewe. Najua yote, mwanangu."

"Sasa unapikia nani?"

"Baba yako. Siku nitaacha kumupikia, nitakuwa nimemuzika."

Baba hakurudi, wala hatukupata habari yake. Siku hizi misafara imekwisha, njia ya Kabambare haina baruti, na mlimau ule ulikatwa kuni. Shore wamehamia kwenye mpapai wangu, na wanangu nimewafundisha mwenyewe kila sauti yao. Hata hivyo, shore akilia mlangoni, mkono wangu huongeza konzi moja chunguni kabla sijauzuia, nami hukasirika, maana sura ya baba siikumbuki tena. Kesho yake wanangu hukigombania kiporo, bila kujua ni cha nani.