Dakika moja ya ukimya niliyorekodi Ipole

Wakuu, poleni na majukumu.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu. Sina cha kuuza na sitafuti umaarufu, ndiyo maana majina ya watu nimeyabadilisha. Ahadi yangu kwenu ni moja: nilichosikia nitasema nimesikia, na nisichosikia nitasema sikusikia.

Twende taratibu.

Mimi ni mtu wa miaka arobaini na kitu, elimu yangu kidato cha nne. Tangu nimalize shule sijawahi kukaa mji mmoja zaidi ya miaka mitatu. Nimeuza mitumba Tunduma, nimepiga picha za harusi Mpanda, nimefunga spika kwenye makanisa ya Mbeya mpaka nikajua ufundi wa sauti. Marehemu bibi alisema babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, alitembea Tabora hadi pwani na kurudi mara nyingi mpaka akasahau wapi ni kwao. Miguu ikiniwasha huwa namsingizia yeye.

Tabora ndipo niliposoma, na nilikuwa naiota. Basi siku moja nikafunga begi Mbeya, nikapanda basi la kupitia Chunya na Rungwa.

Basi likafa mbele ya Rungwa, katikati ya pori. Tukashuka. Fundi akaingia chini ya gari na sisi tukakaa pembeni ya barabara kuanzia asubuhi hadi alasiri. Hakuna mtandao wala gari lililopita. Wakuu, ukimya wa miombo mchana hauelezeki. Unakuwa kama umeingia ukumbini penye watu wengi walionyamaza ghafla kwa sababu umeingia wewe. Mama mmoja alianza kuimba pambio, akaacha mwenyewe katikati. 

Jua likielekea kuzama tukafika Ipole, tukanunua asali kwenye chupa za maji, tukaendelea Sikonge, kisha Tabora.

Pale nikakutana na Mwalimu Kashindye, aliyenifundisha uraia. Amestaafu, mfupi, mbishi, anavaa tai hata Jumamosi. Akaliangalia begi langu.

"Bado unazurura?"

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nimekuuliza swali."

Alikuwa ameanzisha podcast pamoja na binti yake Salome, ambaye ni wakili. Jumatatu sheria, Jumatano elimu, Ijumaa ajira, Jumapili michezo ya vyuoni. Walirekodia kwenye simu, sauti ikawa kama ya mtu aliyeko kwenye pipa. Nikapewa kazi siku hiyo hiyo.

Studio ilikuwa chumba cha nyuma kwenye nyumba ya zamani ya mjini, zile zenye kuta nene. Tulipachika magodoro ukutani. Niliipenda ile kazi. Wanafunzi wa vyuo walikuja kubishana kuhusu netiboli na mpira. Binti mmoja mfungaji alimwambia mwalimu hewani, "Mzee, wewe netiboli uliiona mara ya mwisho wanawake wakicheza na magauni." Mwalimu akacheka mpaka tai ikalegea. Mafrateri wa seminari ya Kipalapala walisikiliza kipindi cha sheria na kutuandikia maswali marefu kama mitihani.

Sasa naomba niwaeleze kitu kimoja cha ufundi, bila hicho uzi hauwezi kueleweka.

Kila tukimaliza mahojiano, nilikuwa narekodi dakika moja ya ukimya wa mahali pale pale. Watu wote wanabaki walipo, hakuna kuongea, mashine inazunguka. Sababu ni hii: ukikata neno la mtu na kuacha nafasi tupu, msikilizaji anasikia shimo. Inabidi uzibe kwa ukimya wa chumba hicho hicho, maana kila chumba kina ukimya wake. Dakika hizo nilizitunza kwenye folda niliyoiita Kimya, kila moja na jina la mahali.

Kwa kipindi cha Ijumaa tulikwenda Ipole kumhoji mfugaji nyuki, Mzee Kulwa. Mwalimu alitaka vijana wenye digrii wasikie kwamba nyuki nao ni ajira. Mzee alikuwa mcheshi kweli. "Hao wasomi waje," alisema, "ila waambie nyuki haulizi cheti."

Mkewe, Mama Vero, alituletea ugali na kuku, akakaa mlangoni kusikiliza. Vero ni jina lake mwenyewe, maana hawakujaliwa mtoto. Pacha wa mzee, Doto, siku hiyo hakuwepo, alikuwa Sikonge.

Tulipomaliza nikaomba dakika yangu. Nilivaa headphone. Mzee Kulwa alikaa ameubana mdomo kama mtoto anayezuia kicheko. Nikahesabu mpaka sitini. Nikasema, "Haya, tumemaliza." Yeye akapasuka kucheka, akasema hajawahi kunyamaza muda mrefu hivyo tangu aoe.

Katika dakika ile sikusikia mtu akiongea. Kumbukeni hilo.

Miezi kadhaa baadaye Mzee Kulwa akaanguka shambani. Doto akamkimbiza hospitali mjini. Mama Vero alibaki kwa sababu bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku kwa moto, lilikuwa limejaa, na ukiacha moto wa bani uzime msimu wote umekwenda. Alipanga afuate kesho yake. Alipofika, mumewe alishafariki. Aliyekuwa naye wodini ni Doto peke yake.

Baada ya msiba Doto akasema shamba la bondeni na mizinga yote ni ya mapacha, walivianza wawili, na mwanamke asiye na mtoto arudi kwao.

Mama Vero akaja studio Jumatatu. Salome akamweleza hewani haki za mjane, kwamba jasho lake kwenye lile shamba linahesabika. Akamweleza pia kwamba ushahidi ukipatikana ni bora zaidi.

Maiki zilipozimwa, mama akanigeukia.

"Mwanangu, siku ile mlipokuja, mzee hakutaja kwamba shamba ni la kwangu? Alikuwa anapenda kusema."

Wakuu, hapa ndipo nilipotaka ardhi inimeze. Alitaja. Nakumbuka alianza kueleza nani aliyeng'oa visiki bondeni, nami nikaona anatoka nje ya mada. Nikakata. Na rekodi kamili nilishaifuta ili kupata nafasi kwenye laptop.

Nikamwambia nitatafuta. Alipoondoka nikafungua kila kitu, mpaka folda ya Kimya.

Faili la Ipole. Mwanzo ni kuku mbali, bati linalialia kwa jua, pumzi ya mtu. Kwenye sekunde ya thelathini na kitu ikaja sauti ya Mzee Kulwa. Ilikuwa chini, karibu kabisa na maiki, kama mtu aliyelala chali.

"Doto. Shamba la bondeni ni la Vero. Mizinga ni ya Vero. Usimtoe. Umenisikia, Doto?"

Nyuma yake kuna magurudumu. Kitoroli kinapita juu ya sakafu ya saruji, tairi moja linapiga kelele. Nyumba ya Mzee Kulwa ni sakafu ya udongo.

Mwishoni ni sauti yangu mwenyewe: "Haya, tumemaliza."

Nilivua headphone nikaziweka mezani. Ilikuwa mchana, barabarani watu wanauza maembe, lakini sikuweza kuupa mgongo ule ukuta wenye magodoro. Kuna atakayeuliza kama nilikuwa nimekunywa. Chai, mkuu. Ya rangi.

Nikawaita Mwalimu na Salome. Wakasikiliza mara tatu.

Mwalimu akasema, "Ni sauti yake. Ipelekwe kwenye kikao."

Salome hakuwa na haraka. "Wataweka Biblia mezani, watakuuliza wewe uliyerekodi. Ulimsikia akiyasema haya?"

"Sikumsikia."

"Basi fikiria utajibu nini. Ukisema hukumsikia, umemmaliza yule mama. Ukisema ulimsikia, umeapa uongo."

"Salome," Mwalimu akasema, "mtu amesema haki yake, wewe unatafuta alisemea wapi?"

"Baba, wewe ndiye uliyefundisha uraia."

Mwishowe tuliipeleka. Kikao cha ukoo kilifanyika Ipole, uani kwa marehemu, saa nne asubuhi. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo na mchungaji wa Moravian. Mama Vero alikaa kwenye mkeka amejifunga kanga nyeusi. Doto alikaa kwenye kiti cha nduguye. Sikuwahi kumwona kabla, na nilipomwona nilidhani namwona marehemu: uso ule ule, vidole vile vile. Alipofungua mdomo, sauti ile ile.

"Karibu fundi," alisema. "Naambiwa umekuja na marehemu kwenye kompyuta."

Watu wakacheka kidogo.

Nikaapa. Nikaunganisha spika, nikacheza dakika nzima. Kicheko kilikufa. Kuku wa kwenye spika walilia na kuku wa pale uani wakanyamaza.

Mzee mmoja wa ukoo akasema, "Hiyo sauti itakuwa ya Doto. Hawa tumbo moja, nani anawatofautisha?"

Mwenyekiti akanigeukia. "Bwana fundi, hii ulirekodi lini?"

"Kabla mzee hajaugua. Hapa hapa ndani."

"Na ulimsikia akitamka hayo maneno?"

Nilimwangalia Mama Vero. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri daktari atoke. Kila mtu uani pale alijua kwamba jibu langu ndilo litakalomfanya alale kwake au afunge mizigo.

"Sikumsikia," nikasema. "Alikuwa amenyamaza. Nilikuwa na headphone masikioni na sikusikia kitu."

Kelele zikapanda. "Sasa imetoka wapi?" "Matapeli hawa wa mjini!" Mama Vero aliinamisha kichwa mpaka sikuona uso wake tena. Nilijiona nimemwua.

Ndipo Doto akasimama, kidole kinanielekea.

"Mwongo huyu! Hayo maneno hayakusemwa hapa! Hakuna aliyekuwepo mle wodini isipokuwa mimi! Kitoroli kile kilikuwa kinapita na muuguzi, mimi nilikuwa nimemshika mkono! Nani aliingiza simu mle wodini? Nani?"

Watu wakageuka, wakamwangalia yeye badala yangu.

Mchungaji akauliza polepole, kwa upole kabisa, "Kwa hiyo alikwambia, mzee Doto?"

  Doto akaja mpaka kwenye laptop, akataka kuona tarehe. Nikamwonyesha. Aliisoma, akahesabu kwa vidole miezi, akahesabu tena. Halafu hakurudi kwenye kiti. Alikaa chini kwenye vumbi, akasema kwa ile sauti yao, "Aliniambia."

Wakaandika karatasi. Mwenyekiti akagonga muhuri, Doto akatia sahihi. Shamba na mizinga ni vya Mama Vero mpaka leo.

Ningeishia hapo ingekuwa uzi mzuri. Tatizo ni kilichofuata.

Habari zilifika mjini kabla yetu. Wiki hiyo hiyo watu wakaanza kuja studio. Hawakuja kwa ajili ya sheria wala ajira. Mzee wa Nzega aliyefiwa na binti. Mama aliyetaka niende jikoni kwake nikarekodi dakika moja tu. Mchezaji mmoja wa timu ya chuo, kijana mrefu aliyekuwa akitutania kila Jumapili, alikuja peke yake akasimama mlangoni.

"Bro, yule kipa wetu aliyefariki. Njoo urekodi golini kwake. Upande wa kaskazini, alikuwa anaupenda."

Nilikwenda. Sikuweza kumkatalia. Nikasimama kwenye nyasi na maiki, yeye amekaa chini macho kafumba. Dakika ilipoisha nikampa headphone asikilize kwanza. Mimi sijaisikiliza mpaka leo. Alisikiliza yote, akanirudishia, akashika mlingoti wa goli, akasema asante. Sikumuuliza.

Kwenye folda ile kulikuwa na ukimya wa mahali zaidi ya hamsini. Sikufungua hata moja tena. Nikaanza kuogopa kunyamaza. Chumba cha magodoro nikawa nakiingia nikiimba.

Mwalimu aliona. "Miguu imeanza," alisema.

"Imeanza, mwalimu."

"Safari hii sikulaumu."

Laptop ya kazi nikamwachia Salome, na folda yake. Nikakata tiketi ya treni ya Kigoma.

Asubuhi ya kuondoka Mama Vero alikuja stesheni. Alikuwa ametoka Ipole kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamwamkia.

"Marahaba baba. Nimesikia unakwenda. Nina swali moja, nilikuwa naona aibu kuliuliza mbele za watu."

"Uliza mama."

"Ile dakika. Baada ya kumaliza na Doto. Hakuna kingine? Hata cha chini chini? Hata kuniita tu?"

Ile dakika nimeisikiliza mara nyingi kuliko mtu yeyote. Baada ya "umenisikia, Doto" kuna magurudumu yanakwenda mbali, halafu mimi. Nilitamani kumdanganya, wakuu. Neno moja tu, nani angejua?

"Hakuna, mama."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa anajua.

"Mimi nilikuwa kwenye bani," akasema. "Nilikuwa nachochea moto."

Akanipa mkono, akaondoka kabla treni haijapiga honi. Tabora sijarudi tena, na sitarudi.

Nilichojifunza: wenye ndoa, andikisheni ardhi majina mawili mkiwa wazima, na mpitie kwa watu wa sheria mapema. Mafundi, msifute rekodi kamili. Na kama una neno la mkeo, mwambie mkeo. Usimpe ndugu yako alibebe.

Mafundi sauti mliomo humu, kama mna maelezo ya kitaalamu, nayasubiri kwa hamu kuliko mnavyodhani. Wa kunicheka nao karibuni. Na kama yupo aliyewahi kufika hospitali akakuta amechelewa, aniandikie hapa chini: ulifanya nini na yale ambayo hukuyasikia?